Difu ya Pembeni, Transfa ya Katikati

Swali. Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 Series IIA ninayobebea vitunguu kutoka Mang'ola kupanda Karatu, na mara mojamoja nashuka nayo Arusha. Injini ya zamani ilikufa, nikaweka injini ya dizeli ya Hilux pamoja na giaboksi na transfa yake, kile kisanduku kinachogawa nguvu kwenda mbele na nyuma. Shafti za magurudumu ya nyuma nazo zilikuwa zinakatika kila mara, nikanunua ekseli ya Salisbury iliyotoka kwenye 109 nyingine iliyochinjwa. Mbele hakuna shida, kwa sababu transfa ya Toyota inatolea kulia na difu ya mbele, lile bonge la gia kwenye ekseli, iko kulia. Nyuma ndiko kwenye mgogoro: transfa inatolea katikati, difu ya Salisbury iko kulia, kwa hiyo propela, shafti inayounganisha transfa na difu, imekaa mshazari. Nikifika kilomita 70 kwa saa gari zima linatetemeka.

Fundi wa kwanza ameshaweka kabari kwenye springi ili pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, iangalie juu kuelekea transfa, na sasa anataka kuikalisha ekseli mshazari ili iangalie transfa na kwa pembeni pia. Wa pili anasema ninunue propela ya krosi pacha, yaani krosi mbili zilizounganishwa mahali pamoja. Wa tatu anasema ng'oa Salisbury, weka ekseli ya Hilux. Nimepima: toka flanji ya transfa hadi flanji ya difu, pale propela inapofungiwa, ni sentimita 110, pinioni iko kulia kwa sentimita 21 na chini kwa sentimita 16. Transfa inainama kwa nyuma digrii 3. Pinioni inaangalia juu digrii 8. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Karatu*

Jibu. Marahaba, kijana wangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umepima kabla ya kuuliza. Vipimo vyako vinatosha kumjibu kila fundi kati ya hao watatu.

Krosi ni kile kiungo kinachoruhusu propela kupinda. Krosi moja, ikiinama, haipitishi mzunguko sawasawa. Upande unaosukuma unaweza kuzunguka kwa utulivu kabisa, lakini upande wa pili unaharakisha na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo mtikiso unavyozidi. Ndiyo maana propela ina krosi mbili: ya nyuma ifute kosa la ya mbele. Ili ifute, pembe mbili ziwe sawa kwa ukubwa, na ziwe zimelala katika bapa moja, kana kwamba zimechorwa kwenye karatasi moja. Hilo la bapa ndilo linalosahaulika, na ndilo linalokutesa wewe.

Tuanze kwa kuangalia toka juu. Sentimita 21 katika 110 ni karibu digrii 11 za mshazari. Kama giaboksi imekaa sambamba na chesisi, na ekseli imekaa mraba na chesisi, basi flanji zote mbili zinaangalia upande mmoja, na krosi ya mbele na ya nyuma kila moja ina digrii 11. Zinafutana. Mshazari wenyewe hauna kosa lolote. Ni sura ya herufi Z tu.

Sasa ubavuni. Sentimita 16 katika 110 ni digrii 8. Transfa inainama 3, kwa hiyo krosi ya mbele imebaki na digrii 5 za kwenda chini. Nyuma, fundi wako ameinua pinioni hadi 8, sawa kabisa na mteremko wa propela, kwa hiyo krosi ya nyuma kwa kwenda chini ina sifuri. Hapo ndipo palipoharibika. Krosi ya mbele ina 11 za pembeni na 5 za chini. Usizijumlishe kuwa 16. Ni pembe mbili zinazokatana kwa mraba, unatumia kanuni ya Pythagoras: 121 na 25 ni 146, kipeuo chake cha pili ni karibu 12. Krosi ya nyuma ina 11 peke yake. Kwa ukubwa zinakaribiana, 12 na 11, na ndiyo maana mtu mwenye kipimo cha pembe anaweza kuapa kwamba kazi ni nzuri. Lakini ya nyuma imelala chali na ya mbele imepinda kuelekea chini, bapa mbili tofauti. Mmoja anapoharakisha, mwenzake hajafika zamu yake ya kupunguza. Mtikiso unabaki.

Kwa hiyo jambo la kwanza: toa zile kabari. Pinioni na transfa ziwe sambamba. Transfa imeinama 3 kwa nyuma, basi pinioni iangalie juu 3. Kwa kuwa springi za bapa zinajikunja unapokanyaga mafuta na pua ya difu inapanda, iweke pungufu kidogo, digrii 1 au 2, ili ukiwa na mzigo mlimani ifike kwenye 3 yenyewe. Na pima gari likiwa na uzito unaoubeba siku zote. Ukipakia magunia, springi zinashuka na pembe ya chini inapungua. Ile ya pembeni haibadiliki hata ukijaza hadi kwenye turubai.

Pendekezo la kuikalisha ekseli mshazari likatae leo hii. Utapata krosi ya nyuma iliyonyooka kabisa na ya mbele yenye digrii 11 ambazo hazina wa kuzifuta, na gari litaenda ubavu kama kaa, likila matairi. Kuna gari zinaletwa gereji kwangu zimefanyiwa hivyo, na kazi ya kurudisha viti vya springi mahali pake ni kubwa kuliko kazi iliyoviharibu.

Krosi pacha ni chombo kizuri, lakini mahali pake ni palepale ambapo difu iko katikati. Pacha inakaa mbele na kusawazisha mzunguko yenyewe, kisha krosi moja ya nyuma inabidi iwe karibu na sifuri, pinioni ikiangalia moja kwa moja kwenye transfa. Wewe unaweza kuinua pinioni kwa juu, lakini kwa pembeni huwezi. Krosi ya nyuma itabaki na digrii 11 peke yake. Utakuwa umelipa hela nyingi kununua mtikiso mpya. Kama ni pacha, iwe pacha ncha zote mbili, na upate mtu wa kuibalansi.

Sasa nikwambie lisilopendeza. Hata ukiweka kila kitu sambamba, kila krosi yako itafanya kazi kwa digrii 12. Mzunguko unaoingia kwenye difu utakuwa laini, lakini propela yenyewe, katikati ya krosi mbili, itaendelea kuharakisha na kupunguza kwa zaidi kidogo ya asilimia 2 kila upande. Chuma kizito kinachofanya hivyo kwa kasi kubwa kinachosha krosi, beringi za transfa na sili ya pinioni. Jedwali la kampuni ya Spicer, ambalo mafundi wa propela wanalitumia, linaruhusu digrii 11 na nusu kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, na digrii 7 tu kwa mizunguko 2,500. Gari lako, lenye difu ya 4.7 (propela inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja) na matairi ya 7.50-16, linazungusha propela karibu mara 2,500 kwa dakika likienda kilomita 80 kwa saa. Mizunguko 1,500 ni kilomita 48.

Kwa barabara ya Mang'ola, hiyo inatosha. Hakuna anayepita kwenye lile vumbi na mawe na mzigo wa vitunguu kwa zaidi ya 50, na ekseli ya Salisbury itakuvumilia kuliko ile uliyoitoa. Paka grisi krosi kila ukimwaga oili, na ukiifungua angalia vikombe vyake: ukiona mistari myembamba ya sindano imechimbika kwenye chuma, weka mpya, usiigeuze upande wa pili ukadhani umeponya. Ukishuka Arusha, kaa kwenye 50 hata kama basi linakupigia honi nyuma.

Ikiwa Arusha inakuwa safari ya kila wiki, hapo fundi wa tatu ana hoja, ila ameisema nusu. Ukiweka ekseli ya Hilux nyuma peke yake, tuseme ya 4.1, na mbele ukabaki na 4.7, ukiingiza gia ya magurudumu manne mbele na nyuma zitapishana kwa karibu asilimia 15 na kitu kitavunjika. Tena boliti za magurudumu ni 6 kwa Toyota na 5 kwa Land Rover, utatembea na spea mbili. Kama unakwenda njia hiyo, chukua ekseli zote mbili kutoka gari moja.

Swali. Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA, Moshi. Kwa nini basi waliotengeneza Land Rover waliweka difu ya nyuma pembeni, kama inaleta taabu hii yote?

Jibu. Haileti taabu kwenye gari lililozaliwa nayo. Transfa ya Land Rover inatolea kulia, mbele na nyuma, kwenye shafti moja. Propela ya mbele inapita kando ya sampu ya injini, na ya nyuma inanyooka kwenda kwenye difu iliyo kulia vilevile. Ukiangalia toka juu, pembe ni karibu sifuri. Taabu inakuja unapochukua nusu ya mpango wa mtu mmoja na nusu ya mpango wa mwingine.

Jeep walianza hivyohivyo. Jeep za Willys, na zile za kiraia za CJ zilizofuata, zilikuwa na transfa ya Spicer 18 inayotolea kulia na difu ya nyuma ya pembeni. Mwaka 1972 CJ ilipata transfa ya Dana 20, inayotolea nyuma katikati, na difu ya nyuma ikahamia katikati pamoja nayo. Zingatia kwamba walihamisha vyote viwili kwa pamoja. Ukikutana na Jeep ya zamani iliyobadilishwa kimoja tu, chukua timazi na kamba kabla ya kuchukua spana.

Swali. Fundi, propela yangu ilifunguliwa kubadilisha krosi, na baada ya kufungwa inatetemeka. Haikuwa hivyo kabla. Difu haijaguswa.
*Dereva, Maralal*

Jibu. Hapo usitafute mbali. Propela ina vipande viwili vinavyoingiliana kwenye slipu yenye meno, na ukivirudisha jino moja au mawili pembeni, macho ya krosi ya mbele na ya nyuma, yaani matundu yanayoshika krosi kwenye ncha za propela, hayalingani tena. Laza propela chini kwenye sakafu iliyo sawa na uyatazame: macho ya nyuma na ya mbele yakae kwenye mstari mmoja. Propela nyingi zina mishale miwili iliyogongwa kwenye chuma. Safisha grisi na kutu kwa brashi ya waya utaiona, na iangaliane. Kama haipo, gonga ya kwako kwa panchi kabla ya kuifungua tena.