Usiende kwenye mahojiano bila hedifoni, hata kama aliyekushauri anakuzidi uzoefu

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili, na sitaanza na maikrofoni wala programu ya kuhariria, ingawa ndiyo mambo uliyoyatanguliza. Umeandika kwamba uko mwaka wa kwanza wa masomo ya habari, kwamba umepewa kazi ya kutayarisha makala ya redio ya dakika 10, na kwamba kesho unakwenda kumhoji mwalimu mstaafu. Ukauliza ununue maikrofoni ya aina gani, uhariri kwa programu ipi, muziki uweke wapi na uandae maswali mangapi. Kisha mwishoni kabisa, kama jambo la kupita tu, ukataja kwamba umeshauriwa uziache hedifoni kwa sababu zinamtia mgeni wasiwasi, na kwamba mita ya kinasa sauti, yaani kipimo kinachoonesha ukubwa wa sauti inayoingia, inatosha. Hapo moyo ulinipasuka. Ushauri huo nilipewa mimi pia, karibu kwa maneno hayo hayo, nikaufuata, na ulinipotezea mahojiano ambayo sitayapata tena.

Nilikuwa muhula wa pili. Baada ya kutafuta kwa wiki kadhaa nilimpata bibi mmoja aliyekuwa opereta wa simu enzi ambazo simu ziliunganishwa kwa mkono, kila moja ikipita kwenye ubao wenye matundu, na opereta akichomeka waya kutoka tundu la anayepiga hadi tundu la anayepigiwa. Kwa redio, mtu wa namna hiyo ni zawadi, kwa kuwa kazi yake yote ilikuwa sauti. Nilipomwomba anioneshe alivyokuwa akipokea simu, alijikohoza, akanyoosha mgongo, akatoa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu tuanze kuzungumza, sauti ya juu kidogo, tulivu, yenye kila herufi mahali pake. Na kila alipomaliza kumuunganisha mpigaji wa kufikirika, aligonga ulimi kwenye kaakaa kuigiza plagi inavyoingia tunduni. Nilijua papo hapo kwamba makala yangu ingeanza na mlio ule wa ulimi.

Kinasa sauti nilikuwa nimekiweka mezani, nikalaza daftari juu yake ili nipate mahali pa kuandikia, na maikrofoni nikaishika mkononi, shibiri moja kutoka kinywani mwa bibi, kama tulivyofundishwa. Niliitazama mita. Ilipanda na kushuka kwa kufuata maneno yake, ila ilikuwa chini, kwa hiyo niliongeza kiwango cha kuingiza sauti mpaka vilele vikafika desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha mita, pale pale nilipoagizwa. Nilirekodi dakika 52, nikamshukuru, nikaondoka nikiwa na furaha ambayo hata leo nikiikumbuka inanichoma.

Usiku nilipofungua rekodi, kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa kalamu yangu. Ilikwaruza karatasi kwa nguvu, kama mtu anayeparua ukuta kwa kijiti, na nyuma yake, mbali sana, palikuwa na mtu anayezungumza kama aliyetumbukia ndani ya pipa. Pembeni mwa kinasa sauti kile palikuwa na swichi ndogo ya kuchagua kati ya maikrofoni ya ndani na ya nje. Aliyekitumia kabla yangu aliiacha kwenye maikrofoni ya ndani. Ile niliyoishika kwa uangalifu mbele ya kinywa cha bibi haikuwa imenasa hata neno moja; kilichosikiliza mazungumzo yote ni kitundu kilichofunikwa na daftari langu, nacho kilinasa daftari.

Tafadhali litazame jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo kiini cha yote ninayokuandikia. Mita haikuharibika. Ilionesha ukweli mtupu. Mita hupima ukubwa wa mawimbi yanayoingia, basi, haijui yanatoka wapi wala ni ya kitu gani. Bibi alipozungumza, maikrofoni ya ndani ilimsikia kwa mbali na mita ikapanda, aliponyamaza, ikashuka, na mimi niliyekuwa nikiitazama nikaona sauti ya bibi. Hata ile namba ya desibeli 12 ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa niliifikia kwa kuikuza sauti ya mbali pamoja na kila mkwaruzo uliokuwa karibu. Sekunde tano za hedifoni masikioni zingetosha kuniambia yote hayo.

Usidhani programu itakuokoa. Nilikesha siku mbili nikijaribu. Zana za kupunguza kelele hufanya kazi yake vizuri pale kelele inapokuwa ya aina moja bila kubadilika, kama mvumo wa feni, kwa kuwa unaipa programu kipande chenye kelele hiyo peke yake, inajifunza ilivyo, kisha inaipunguza kila mahali. Mkwaruzo wa kalamu haufanani na mwenzake. Na mwangwi wa chumba ni mgumu zaidi, maana ni sauti ile ile ya msemaji iliyogonga kuta na kurudi kwa kuchelewa kidogo, ikachanganyika na maneno yenyewe. Kila nilipobana zaidi, sauti ya bibi ilianza kububujika kama ya mtu anayezungumzia majini, mpaka nikashindwa kuitambua.

Nilirudi kwake. Alinipokea vizuri, akakaa kwenye kiti kile kile, akasimulia tena, na safari hii kila kitu kilirekodiwa sawasawa. Lakini kisa kilichochukua dakika nane siku ya kwanza kilichukua dakika mbili, na katikati alikuwa akisema, “kama nilivyokueleza siku ile.” Nilipomwomba ile sauti ya kupokelea simu, aliitoa upesi upesi, kwa adabu, kama mtu anayemridhisha mtoto. Mlio wa ulimi haukurudi. Mtu husimulia jambo kwa mara ya kwanza mara moja tu. Safari ya pili anasimulia alichokwisha kukusimulia, na sikio la msikilizaji hutambua tofauti hiyo hata kama hawezi kuieleza. Makala yangu kuhusu mwanamke aliyeishi kwa sauti yake ikajaa maelezo yangu mimi. Mwalimu wetu aliisimamisha dakika ya pili na kuniuliza kwa upole, “Huyo opereta mwenyewe yuko wapi?”

Sasa acha nimseme aliyenipoteza, kwa maana bado nina hasira naye. Alikuwa msimamizi wa vifaa, mtu mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, na nilipomwomba hedifoni alinijibu kwamba hizo ni za studio, kwamba nje mtu mwenye uzoefu hutazama mita tu, na kwamba nikizivaa mgeni ataogopa. Aliijua ile swichi. Alijua kwamba vifaa vinapita mikononi mwa wanafunzi wengi na kwamba kila mmoja huviacha alivyotaka. Nilipomrudishia kinasa sauti na kumweleza yaliyonipata, aliniambia nilipaswa kusoma kijitabu cha maelezo, ambacho hakikuwamo mfukoni mwa kifaa. Ninaandika kwa ukali kwa sababu mtu anayemwambia mwanafunzi asisikilize anachorekodi anamfundisha kupiga picha huku amefumba macho, na kwa sababu naona ushauri huo unaendelea kupitishwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine mpaka umekufikia wewe, usiku mmoja kabla ya kazi yako.

Ipo pia sababu nyingine ya kuvaa hedifoni hata pale swichi zote zinapokuwa sawa. Sikio la binadamu huchagua. Ukiwa chumbani na mtu anayekuvutia, akili yako inamfuata yeye na kuyasukuma mengine nyuma; Mwingereza Colin Cherry alichapisha majaribio yake kuhusu uwezo huo mwaka 1953, na tuliyasoma darasani bila mimi kufikiri kwamba yananihusu. Maikrofoni haichagui. Friji inayovuma chumba cha pili, saa ya mkononi inayogonga ukingo wa meza kila mgeni anapoeleza kwa mikono, waya uliolegea unaochakacha ukigeuza kiganja, simu ya mkononi iliyo karibu inayoweza kutia mlio wa kutatarika muda mfupi kabla haijaita, pumzi ya herufi “p” inayopiga maikrofoni kama ngumi kila mgeni anaposema “pale” au “pia”: hayo yote hutayasikia mpaka uyasikie kupitia kile kinachorekodi. Ukiyasikia mapema, dawa yake ni ndogo. Unaomba friji izimwe kwa muda, unaomba saa ivuliwe, unaisogeza maikrofoni kidogo pembeni mwa kinywa ili pumzi ipite kando.

Hata hivyo hedifoni peke yake hazitoshi, na hapa nakupa kanuni yangu nzima, kwa kuwa nusu yake nayo nusura initokee puani. Vinasa sauti vingi, ukibonyeza kitufe cha kurekodi mara moja, huingia kwanza katika hali ya kusubiri: mita inacheza, hedifoni zinaleta sauti safi, taa nyekundu inamwekamweka, na hakuna kinachoandikwa kwenye kadi mpaka ubonyeze tena. Niliwahi kukaa dakika nne na mgeni katika hali hiyo, kisha nikaona kwamba tarakimu za muda zimeganda kwenye sifuri. Kwa hiyo: vaa hedifoni, rekodi nusu dakika ya wewe na mgeni mkizungumza jambo lolote la kawaida, simamisha, icheze ile nusu dakika kutoka kwenye kadi, uisikilize hadi mwisho. Hapo ndipo uanze mahojiano yenyewe, na hedifoni zisitoke masikioni mpaka mtakapoagana. Usiruke hatua hiyo kwa sababu mgeni ana haraka. Usiiruke kwa sababu kifaa ni chako na jana kilifanya kazi.

Kuhusu mgeni kuogopa, jibu ni sentensi moja. Mwambie, “Mwalimu, hizi zinanisaidia kuhakikisha sauti yako inasikika vizuri,” kisha umpe azivae kwa muda kidogo ajisikilize. Kila mzee niliyemfanyia hivyo alitabasamu, na wengine walianza kuzungumza kwa uwazi zaidi, kwa kuwa walielewa kwamba ninajali wanachosema. Kinachomtia mtu wasiwasi ni kijana anayetupia macho mita kila baada ya sekunde mbili badala ya kumtazama usoni. Ukiwa na hedifoni, masikio yanalinda rekodi na macho yanabaki kwa mgeni.

Umeuliza maikrofoni. Ya kushika mkononi ya kawaida, ile isiyohitaji umeme kutoka kwenye kinasa sauti, inakutosha kabisa, na kama fedha ni za kitu kimoja tu, tafuta kwanza hedifoni zinazofunika sikio lote, kisha uazime maikrofoni. Rekodi kwa faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa kupunguza faili, biti 24 kwa kila kipimo cha sauti, kilohezi 48, yaani vipimo 48,000 kwa sekunde. Biti 24 zinakupa nafasi ya takriban desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, wakati biti 16 zinakupa kama 96, kwa hiyo huna haja ya kuibana sauti karibu na sifuri; mgeni akicheka ghafla na vilele vikagonga sifuri, mawimbi yanakatwa vichwa na hayarekebishiki. Zima pia ile hali ya kinasa sauti kujirekebishia kiwango chenyewe, kwa maana mgeni akinyamaza kufikiri inakuza kelele ya chumba, na ule ukimya wake, ambao ni sehemu ya jibu, unageuka mvumo. Na ukiwa na hedifoni utausikia ukipanda.

Kesho, mkimaliza, mwombe mwalimu mkae kimya pamoja kwa dakika moja huku ukirekodi chumba kitupu, kwa sababu utakihitaji kuziba mapengo utakapokata maneno. Kisha, kabla hujakunja waya, cheza sehemu tatu za rekodi, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, ukiwa bado umeketi mbele yake. Kama kuna kilichoharibika, kisa bado kina joto kinywani mwake, na unaweza kumwomba msamaha na kuanza tena pale pale.