Ninacheza Stardew Valley

Kwa uliyeuliza tunacheza nini siku hizi, mimi nimezama katika Stardew Valley, mchezo wa kilimo uliotoka mwaka 2016, ambao Eric Barone aliutengeneza peke yake kwa takriban miaka minne, michoro na muziki vikiwa vyake mwenyewe. Unakabidhiwa shamba lililojaa magugu, mawe na visiki, pamoja na mbegu 15 za kuanzia, na kila asubuhi unamwagilia shimo moja baada ya jingine huku nguvu zikipungua, kazi niliyodhani itanichosha mapema, lakini sasa nahesabu siku 28 za msimu kama mkulima anayesubiri mvua. Uvuvi, kusema kweli, ulinitoa jasho, kwa kuwa samaki hupanda na kushuka ghafla, nawe huna budi kumfuata kwa kitufe kimoja tu. Ukiucheza kwenye kompyuta, kumbuka kwamba maendeleo yako huhifadhiwa pale mhusika anapolala. Juzi umeme ulikatika nikiwa mgodini, nikapoteza siku nzima na shaba yote niliyokwisha kuichimba.