Alaska kwa mfuko wa mwalimu

SWALI: Shikamoo mama. Nafundisha Ujiji. Mume wangu nami tunataka kuiona pwani ya Alaska kwa meli tukistaafu. Tupunguzeje gharama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni Mei au Septemba, nauli huwa chini. Mimi ningechagua Mei, kwani Septemba mvua ni nyingi mno. Chukueni chumba cha ndani kisicho na dirisha. Glacier Bay, ghuba yenye mito ya barafu, huonekana vizuri zaidi kutoka sitahani, mapande ya barafu yakimeguka na kuanguka baharini; nani atabaki chumbani? Miji ya bandari ya Juneau na Ketchikan itembeleeni kwa miguu, ziara zinazouzwa melini ni ghali. Bahashishi ya wahudumu huongezwa kila siku kwenye bili yenu ya melini, itieni kwenye hesabu.

Zipo pia feri za serikali ya Alaska kutoka Bellingham, mji wa jimbo la Washington, Marekani; ndani yake abiria asiyekodi chumba hulala sitahani. Mliozoea meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika hamtapata tabu.

Lakini viza kwanza, nakusihi. Meli za utalii zinazotoka Seattle, Marekani, kwa kawaida hutia nanga Kanada, basi mtahitaji viza ya huko na ya Marekani, na masharti hubadilika. Msitoe hata arubuni kabla hamjazipata.