Siagi vikombe 1½: ni gramu 340, na hicho kikombe cha chai kirudishe kabatini

Mkuu, simama hapohapo, usifungue hiyo pakiti.

Umesema resipe ya keki ni ya Kimarekani: siagi vikombe 1½, sukari 3, unga 3, mayai 6. Unga na sukari umeshapima kwa gramu, mizani ya watu umerudisha, sasa siagi unataka kuishindilia kwenye kikombe cha chai. Halafu ukauliza kama majarini inafaa. Tutafika.

Kikombe cha Kimarekani ni mililita 237, na siagi inayokijaza ni gramu 227, yaani nusu ratili. Kimoja na nusu ni gramu 340. Sasa jaza maji hicho chako uyapime. Vikombe vikubwa vya chai vingi vinafika mililita 330, na kimoja na nusu cha namna hiyo kinameza siagi gramu 475. Pakiti ya nusu kilo inaingia karibu yote! Umezidisha gramu 135 huku unga umebaki palepale kwenye 360. Afadhali hata ungepima vyote kwa kikombe hichohicho, uwiano usingeharibika hivyo, mayai tu ndiyo yangepungua. Balaa ni gramu huku, kikombe kule.

Kitakachotokea: kingo zinakaangika badala ya kuokeka, katikati panapanda kisha panadidimia, na chini linakaa tabaka zito la njano linalolowesha karatasi kama sambusa. Kijiti ukichoma kinatoka kinang'aa. Usijidanganye kuongeza dakika, mafuta hayakauki kama maji.

Na hawa wa video, "kikombe chochote tu mpendwa, usiogope". Mpendwa gani? Siagi kanunua yeye? Gesi je? Kwa ushauri huohuo nilitoa keki ya kulainishia bawaba za mlango. (Milango yangu hailii siku hizi, tuishie hapo.)

Siagi inapimwa kwa uzito. Huna mizani? Uzito umeandikwa kwenye pakiti, tumia rula. Pima urefu wa pakiti ya nusu kilo ikiwa bado ngumu na imefungwa, zidisha kwa 0.68. Ikiwa na sentimita 12, weka alama kwenye 8.2, kata wima kwa kisu kilichochovywa maji ya moto. Hizo ndizo 340.

Kama imeshakatwakatwa, chukua jagi lenye alama, tia maji baridi mpaka mililita 500, dumbukiza vipande mpaka maji yafike 855. Siagi inaelea, kwa hiyo ikandamize kwa uma yote izame ndipo usome. Ukisoma ikiwa inaelea utaongeza vipande visivyohitajika, tumerudi kulekule. Ikaushe kabla ya kupiga na sukari.

Majarini: soma kopo. Ikiwa mafuta ni asilimia 80 hivi, gramu 340 zilezile. Ile laini ya kupaka yenye 50 au 60 imejaa maji, achana nayo. Samli ndiyo mafuta matupu, hiyo ni gramu 272 na maji vijiko vikubwa vitatu na nusu.

Ukishakata, zile 160 zilizobaki zifiche nyuma ya friji kabla watu wa mkate hawajaamka.