Ukipata 1.33 usiifanye 1: jibu kuhusu fomula ya kiempiriki

Mdogo wangu, hesabu yako nimeipitia mstari kwa mstari. Ulipewa kampaundi yenye kaboni 40.92%, haidrojeni 4.58% na oksijeni 54.50%, utafute fomula yake ya kiempiriki, yaani uwiano wa atomi zake kwa namba nzima ndogo kabisa; ukapata CHO, na kitabu kinasema C3H4O3. Kitabu kiko sahihi, na wewe ulikuwa sahihi mpaka mstari wa mwisho. Nimefundisha kemia kwa miaka mingi, na ni hapo hapo ninapowaona wanafunzi wazuri wakipoteza alama. Kugawanya wanajua. Wanakosea kwenye kukadiria.

Kuchukua asilimia kama gramu ndani ya gramu 100 ni sawa kabisa, kwa sababu tunatafuta uwiano, na uwiano ni ule ule uwe na kampaundi kidogo au nyingi. Kisha ukagawa kila masi kwa masi ya atomi ya elementi yake:

40.92 ÷ 12.01 = 3.407
4.58 ÷ 1.008 = 4.544
54.50 ÷ 16.00 = 3.406

Hatua hii naomba uielewe, usiishie kuikariri. Gramu zinapima masi, lakini fomula inahesabu atomi. Tazama haidrojeni: kwa asilimia ndiyo ya mwisho, tena kwa mbali, ila ukishageuza kuwa moli, yaani kipimo cha idadi ya atomi, inazipita zote mbili, maana atomi yake ni nyepesi mno. Ndiyo sababu huwezi kuandika fomula kwa kulinganisha asilimia zenyewe.

Ukagawa kwa namba ndogo kuliko zote, 3.406, ukapata 1.00, 1.33 na 1.00. Hapo ukaandika 1 kwa haidrojeni. Sasa ile 0.33 imekwenda wapi? Theluthi nzima haiwezi kuwa kosa dogo la kupima. Inakuambia kwamba kwa kila kaboni tatu kuna haidrojeni nne. Atomi haigawanyiki kwenye fomula, basi zidisha zote kwa 3: C3H4O3.

Kwa hiyo, kabla ya kukadiria, itazame desimali. Ikiwa ni 1.98 au 3.02, kadiria bila wasiwasi. Ikiangukia karibu na .5, zidisha zote kwa 2; .33 au .67, kwa 3; .25 au .75, kwa 4. Na usikadirie mapema: ungezifanya zile moli 3, 5 na 3 tangu mwanzo, ungeishia na C3H5O3, fomula inayopendeza machoni na si ya kweli. Acha tarakimu nne mpaka mwisho. Masi za atomi nazo usizikate ovyo, hasa klorini, ambayo ni 35.5, ukiifanya 35 au 36 uwiano unaweza kuyumba.

Kama bado una shaka, rudi kinyumenyume. Mimi sikubali jibu la mwanafunzi bila hatua hii, hata kama mtihani hauidai. CHO ina masi 29.02, kwa hiyo haidrojeni yake ingekuwa 1.008 ÷ 29.02, yaani 3.47%. Wewe ulipewa 4.58%. Tofauti ni zaidi ya 1, wakati wanakemia wanaochambua kampaundi mpya kwa kawaida hudai tofauti isizidi 0.4. Sasa jaribu C3H4O3: masi 88.06, haidrojeni 4.032, unapata 4.58% kamili.

Uliuliza pia kama hiyo ndiyo molekuli yenyewe. Asilimia peke yake haiwezi kukuambia. Glukosi, asidi ya asetiki na formaldehaidi zote zina kaboni 40.00%, zote zinatoa CH2O, na ni vitu vitatu tofauti kabisa. Unahitaji masi ya molekuli iliyopatikana kwa kipimo kingine. Ya kampaundi yako ni 176.1, gawa kwa 88.06 unapata 2, hivyo molekuli ni C6H8O6. Ni vitamini C.

Jizoeze na hili: oksaidi ya chuma yenye chuma 72.36% na oksijeni 27.64%, masi ya atomi ya chuma ikiwa 55.85. Weka hapa mistari yote ya hesabu, si jibu tu. Ukipata FeO au Fe2O3, usifute chochote. Tazama kwanza desimali ya oksijeni baada ya kugawa kwa namba ndogo.