Mkwe anataka kuoga, watoto wanataka mayai: twende maji moto gani?

SWALI: Anti habari za siku. Sisi ni watu wa Bombo, karibu na Kampala, tutakuwa saba kwenye Noah moja, mimi, bwana, watoto wanne na mama mkwe. Mkwe magoti yanamsumbua sana, sasa jirani kamwambia kuna maji moto huko Bundibugyo, ati ukiingia unatoka unatembea kama msichana. Watoto nao wameona kwa simu watu wanachemsha mayai kwenye hayo hayo maji. Mimi najiuliza, maji yanayoivisha yai mkwe ataingiaje? Alafu bwana anataka tulale kwenye hema porini, mimi sijawahi, naogopa nyoka. Tunafikiria likizo ya mwezi wa tano.
Mama Hafsa

JIBU: Mama Hafsa, hilo swali la yai jirani yako angejiuliza yeye kwanza! Maji anayosema ni ya Sempaya, ndani ya hifadhi ya taifa ya Semuliki, na yale hayaogwi kabisa, yanachemka yanaruka juu, mvuke kila mahali na harufu ya yai bovu. Unaweka mayai unasubiri kama dakika kumi yameiva, matoke pia yanaiva. Mkwe ukimwingiza pale hiyo ni kesi ya polisi.

Maji ya mkwe yako Kitagata, wilaya ya Sheema, kwenye barabara ya Ishaka kwenda Kagamba. Pale kuna chemchemi mbili, moja wanaita Ekyomugabe kwa sababu ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole, nyingine wanaita Mulago, ndiyo, Mulago kama ile hospitali ya Kampala, kwa vile watu wanaamini wanapona. Pale maji yanapotokea yanaweza kufika nyuzi 80, kwa hiyo watu wanakaa pembeni yalikopoa. Na nikwambie mapema umwandae mkwe, wengi wanakaa humo uchi au na kipande tu cha nguo, wanaume kwa wanawake, mimi siku ya kwanza sikujua macho niyaweke wapi. Kama ana presha asikae muda mrefu, akisikia kizunguzungu atoke, na dawa zake za magoti asiziache nyumbani. Mama yangu nilimpeleka, usiku ule alilala kama mtoto, siku ya tatu magoti yakarudi yale yale. Lakini mpaka leo anauliza tutarudi lini.

Sasa mnaweza kufanya zote mbili kwa mzunguko mmoja. Kampala mpaka Fort Portal kupitia Mubende ni karibu kilomita 300, laleni mjini siku hiyo, msilazimishe. Kesho yake mnashuka Sempaya, kama kilomita 50 hivi, lami, lakini barabara inashuka ukingo wa Bonde la Ufa kona baada ya kona, bwana atumie gia ndogo asikanyage breki njia nzima, Noah ya watu saba na mizigo breki zinanuka (yetu zilinuka). Mkifika Karugutu njia inagawanyika, nyinyi shikeni ya Bundibugyo. Ile nyingine inaenda Ntoroko kupitia hifadhi ya Toro-Semliki, majina yanafanana watu wanapotea kila siku. Mayai, maji ya kunywa na mkaa nunueni kabla ya kufika getini, na vitambulisho msisahau kwa sababu bei ya mwananchi siyo ya mgeni.

Kulala kuna kempu ya Bumaga, ya hifadhi, karibu tu na geti la Sempaya, ukingoni mwa msitu. Hema bebeni lenu. Nyoka wapo, ni msitu, lakini zipu ikifungwa na viatu vikikaa ndani hutawaona. Wa kuogopa ni mbu! Huko ni chini, kuna joto na unyevu, malaria haina mchezo, bebeni chandarua au hema lenye wavu ambalo halijachanika. Halafu siafu na nyani, chakula kisilale kwenye hema hata biskuti ya mtoto, kaeni nacho kwenye gari. Choo usiku nendeni wawili na tochi. Asubuhi ukiamka unasikia hondohondo wanapiga mabawa juu ya miti kama mtu anakung'uta mkeka, watoto wangu hawajasahau.

Mwezi wa tano mimi ningeacha, mvua ni nyingi, na Sempaya chemchemi ziko mbili, ya kike na ya kiume, njia ya kwenda ile ya kiume inakuwa tope tupu. Subirini likizo ya mwezi wa kwanza. Watoto wasitoke kwenye njia ya mbao hata hatua moja, ile ardhi pembeni inaonekana ngumu kumbe ni ganda tu.

Kurudi mnapita Kasese, mnavuka ikweta, Ishaka, mkwe anaoga Kitagata, alafu Mbarara, Masaka, na nyama ya Lukaya ndiyo bakshishi ya dereva.

SWALI: Anti, Sempaya kuna volkano? Na kwa nini moja ni ya kiume nyingine ya kike?
Msomaji, Hoima

JIBU: Volkano hapana. Ardhi imepasuka pale chini ya Rwenzori, maji yanazama ndani sana, yanapata joto, yanarudi juu na hasira. Majina ni hadithi ya wenyeji. Wanawake waliokwenda kuni walimkuta msituni mwanaume mwenye manyoya mwili mzima, ana mkuki na mbwa, wakamleta kijijini, akaoa Nyasimbi. Siku moja alienda kuwinda hakurudi, mkuki wake ukaonekana pale kwenye chemchemi ya kiume, Bintente. Nyasimbi akakimbia kumtafuta, na yeye wakakuta nguo zake tu, hapo hapo mnapochemshia mayai.