Usingoje arobaini, dada

Dada wa Ngamiani, umeuliza kama weupe kwenye mboni ya kichanga wako wa wiki tatu utaondoka wenyewe, maana mkweo anasema usubiri arobaini. Usisubiri. Ukimgeuza dirishani ukaona kama tone la tui nyuma ya kioo, huenda ni mtoto wa jicho, nao hauoshwi kwa maziwa ya mama wala matone ya dukani.

Vile vipele ulivyosema vilikutoka ukiwa na mimba ya miezi miwili vyaweza kuwa rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele na unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Daktari Norman Gregg wa Australia aliuona uhusiano wa rubela ya mama na mtoto wa jicho kwa kichanga mwaka 1941. Kirusi hupita kwenye kondo la nyuma jicho likiwa bado linajengwa, na moyo na masikio pia. Omba vyote vipimwe. Si kosa lako, wala si jicho la watu.

Kesho asubuhi nenda hospitali ya Bombo, hapo Tanga, na kadi ya kliniki, uwatajie vipele. Wakikupa rufaa ya upasuaji, usicheleweshe: ubongo usipopata picha miezi ya mwanzo hauzoei kuona. Na mashoga zako wajawazito wasimbebe mtoto kwanza. Kama ni rubela, anaweza kutoa virusi hata mwaka mzima.